Mama, Nitajie Jina Lako

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, mwaka juzi nilimsindikiza shangazi yangu hospitalini kutolewa mtoto wa jicho. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa sababu lililotokea pale lingeweza kutokea katika hospitali yoyote, na kwa sababu mwisho wake ulikuwa wa heri. Shangazi ni mama wa miaka sabini na ushei, msukaji hodari wa mikeka. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefunikwa na utando mweupe mfano wa ukungu wa alfajiri. La kulia lilikuwa bado zima, na ndilo alilolitegemea kupanga miyaa ya ukili wake.

Asubuhi ya siku ile tuliletewa karatasi ya kuridhia upasuaji. Shangazi akaweka dole gumba, nami nikatia sahihi kama shahidi. Katika kuisoma karatasi hiyo, macho yangu yalipita juu ya maneno "jicho la kulia". Nikasita. Nikamtazama daktari, naye alikuwa amekwisha geuka kumsikiliza mgonjwa mwingine. Nikajiambia kwamba huenda madaktari wana namna yao ya kuhesabu kulia na kushoto, wakimtazama mgonjwa kutoka mbele. Nikanyamaza. Mimi, ambaye kazi inayonipatia ugali ni kuwauliza watu maswali, nilinyamaza kimya.

Aliyesema alikuwa msichana muuguzi, pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Alisimamisha kitanda cha magurudumu, akainama, akasema: "Shikamoo, mama. Nitajie jina lako lote, kisha uniambie leo unafanyiwa nini, na jicho lipi." Shangazi akataja jina lake, akainua kidole na kugusa jicho la kushoto. Muuguzi akaitazama karatasi, akamtazama shangazi, akaitazama karatasi tena. Hakusogeza kitanda hata inchi moja. Alimwita daktari. Daktari alikuja, akafungua jalada, akamulika macho yote mawili kwa kurunzi, akasahihisha karatasi na kuchora mshale kwa wino juu ya nyusi ya kushoto. Kisha akamshukuru yule msichana mbele yetu sote. Shughuli yote haikuzidi dakika tano.

Jioni, shangazi akiwa amefungwa bendeji upande unaostahili, nilimwuliza kama hakuwa amesikia likitajwa jicho la kulia tangu asubuhi. Akanijibu: "Nilisikia, mwanangu. Lakini mimi ni nani hata nimkosoe daktari?"

Basi tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ni kitu gani kilichomwokoa shangazi? Daktari alikuwa fundi, lakini ufundi wake ungelihudumia jicho lisilohusika. Mitambo ilikuwepo, lakini mtambo haujui kushoto na kulia. Kilichomwokoa ni swali. Na swali lile muuguzi hakulibuni mwenyewe. Lilitoka katika orodha iliyobandikwa ukutani. Nilipoanza kuifuatilia asili ya orodha hiyo, niligundua kwamba ilipita katika miji mikubwa ya dunia, na kwamba ilipita pia katika bonde la Kilombero.

TATIZO LA DUNIA NZIMA

Wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa kudhurika hospitalini ni balaa la nchi maskini peke yake. Sivyo hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wagonjwa 10 wanaopata huduma ulimwenguni, 1 hupata madhara yatokanayo na huduma yenyewe, na kwamba watu zaidi ya milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya huduma isiyo salama. Zaidi ya nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa. Katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa wapatao 4 katika kila 100 hupoteza maisha kwa sababu hiyo.

Madhara hayo ni ya namna nyingi. Yako ya dawa aliyopewa asiyestahili, au kipimo kilichozidi. Yako ya vijidudu vilivyosafirishwa kutoka kitanda hadi kitanda na mikono isiyonawiwa. Yako ya damu isiyolingana na ya mgonjwa, na ya ugonjwa uliotambuliwa visivyo. Aidha, yako ya upasuaji. Mnamo mwaka 2008 watafiti walikadiria kwamba dunia ilikuwa ikifanya upasuaji mkubwa milioni 234 kwa mwaka, yaani mmoja kwa kila watu 25. Kutokana nao, wagonjwa wasiopungua milioni 7 walikuwa wakipata matatizo makubwa, na wasiopungua milioni 1 wakifa.

Haikosi, ndugu msomaji, kwamba wengi wa waliowadhuru wagonjwa hao hawakuwa wazembe wala waovu. Walikuwa watu waliosoma, wanaojitahidi, waliochoka, na wenye mambo ishirini ya kukumbuka kwa wakati mmoja. Binadamu husahau. Hapana shule iliyopata kufuta usahaulifu.

Kwa kuwa tatizo ni la wote, dawa yake nayo ilipaswa kutafutwa na wote. Mwezi Mei mwaka 2002, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kulitazama kwa makini suala la usalama wa wagonjwa. Mwezi Oktoba mwaka 2004 ukazinduliwa Muungano wa Dunia wa Usalama wa Wagonjwa. Mwaka uliofuata ilianza kampeni ya kwanza, nayo ilihusu jambo ambalo kila mama humfundisha mtoto wake: kunawa mikono. Hospitali ya Point G mjini Bamako, Mali, ilikuwa miongoni mwa zilizoijaribu kampeni hiyo. Huko kanuni ya kutengeneza dawa ya kusafishia mikono ilitoka kwa wataalamu, lakini spiriti ilikamuliwa kutoka miwa ya Mali yenyewe. Kampeni ya pili ndiyo iliyohusu upasuaji.

SOMO KUTOKA KWA MARUBANI

Wazo la orodha halikuanzia hospitalini. Tarehe 30 Oktoba mwaka 1935, ndege mpya ya kampuni ya Boeing iliruka katika majaribio huko Dayton, Marekani, ikapanda kidogo, ikapoteza mwelekeo na kuanguka. Watu wawili walipoteza maisha, akiwemo rubani aliyeiongoza, ambaye alikuwa mzoefu wa hali ya juu. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndege haikuwa na hitilafu. Kufuli inayozuia mabawa ya mkiani yasitikisike ndege ikiwa chini haikufunguliwa kabla ya kuruka. Ilisahauliwa.

Jeshi lingeweza kuamua kuwapa marubani mafunzo marefu zaidi. Lakini marubani wa majaribio waliona kwamba aliyefariki alikuwa na mafunzo kuwashinda wote. Hivyo wakaandika orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuondoka, wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Ndege ya aina ile ile ikatumika miaka mingi baadaye. Tangu wakati huo hakuna rubani, hata mwenye mvi, anayeona haya kuisoma orodha yake kwa sauti, wala msaidizi wake haoni ni utovu wa adabu kumkatiza mkubwa wake.

Miaka sabini na kitu baadaye, Shirika la Afya Duniani lilimkabidhi Daktari Atul Gawande, mpasuaji wa mjini Boston, kazi ya kuongoza wataalamu wa nchi mbalimbali ili waandike orodha ya namna hiyo kwa ajili ya vyumba vya upasuaji. Waliyoiandika ina mambo 19 tu, na inaenea katika ukurasa mmoja. Imegawanywa katika vituo vitatu.

Kituo cha kwanza ni kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi. Hapo huulizwa: mgonjwa mwenyewe amethibitisha jina lake, aina ya upasuaji na mahali utakapofanyika? Mahali hapo pametiwa alama? Kifaa cha kidoleni kinachopima hewa ya oksijeni katika damu kimewekwa na kinafanya kazi? Kuna dawa inayomdhuru? Kuna hatari ya kupoteza damu nyingi?

Kituo cha pili ni kabla ngozi haijakatwa. Wote waliomo chumbani, kuanzia mpasuaji hadi muuguzi, hutaja majina yao na kazi zao. Hutajwa tena mgonjwa ni nani na anafanyiwa nini. Huulizwa kama dawa ya kuzuia maambukizo imetolewa katika dakika 60 zilizopita, na mpasuaji hueleza ni jambo gani gumu analolitazamia.

Kituo cha tatu ni kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Muuguzi huthibitisha kwa sauti kwamba vyombo, sindano na shashi vimehesabiwa na kutimia, ili pasiwe na kitu kilichosahauliwa tumboni mwa mtu.

IFAKARA MIONGONI MWA NANE

Orodha iliyoandikwa mezani si kitu mpaka ijaribiwe. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, hospitali nane duniani zilikubali kuijaribu. Zilichaguliwa makusudi ili ziwemo tajiri na maskini, za mijini na za mashambani. Miji yake ni hii: Toronto ya Kanada, London ya Uingereza, Seattle ya Marekani, Auckland ya New Zealand, Amman ya Yordani, New Delhi ya India, Manila ya Ufilipino, na Ifakara ya Tanzania.

Naam, Ifakara. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, ambayo wakati huo ilikuwa Hospitali Teule ya Wilaya, ilikuwa na vyumba 3 vya upasuaji, ikihudumia wakulima wa mpunga na wavuvi wa mto Kilombero. Iliingia katika utafiti huo ikiwa sawa na hospitali zenye vyumba makumi. Wagonjwa wake walihesabiwa katika daftari moja na wagonjwa wa London.

Matokeo yalichapishwa Januari 2009. Kwanza walichunguzwa wagonjwa 3,733 kabla ya orodha kuanza kutumika, kisha wengine 3,955 baada yake. Waliopata matatizo makubwa walipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Waliofariki walipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8. Hesabu hizo zaweza kuonekana ndogo katika maandishi. Lakini zitafsiri hivi: katika kila wagonjwa 1,000, mahali palipokuwa na misiba 15, sasa palikuwa na misiba 8. Nyumba saba hazikutandika mikeka ya matanga.

Msomaji atauliza: ni mtambo gani ulionunuliwa? Karibu hapakuwa na mtambo. Dawa ya kuzuia maambukizo kwa kawaida ilikuwa tayari kabatini. Orodha ilihakikisha inatolewa kwa wakati. Shashi zilikuwepo, orodha ilihakikisha zinahesabiwa. Kifaa cha kidoleni ndicho kilichokuwa pungufu katika nchi nyingi. Mwaka 2010 ilikadiriwa kwamba vyumba vya upasuaji zaidi ya 77,000 duniani havikuwa nacho, na mwaka 2011 likaundwa shirika la hisani la Lifebox ili kuvifikisha vifaa hivyo pamoja na mafunzo yake katika hospitali zisizo na uwezo.

Hili nalisisitiza kwa sababu tumezoea kuufikiria ushirikiano wa kimataifa kama mkono mmoja unaotoa na mwingine unaopokea. Katika jambo hili haikuwa hivyo. Wauguzi na madaktari wa Ifakara walitoa ushahidi ambao hospitali za nchi tajiri ziliutumia. Mgonjwa wa Uingereza anayeulizwa jina lake leo kabla ya kulazwa usingizi ana deni dogo kwa wagonjwa wa Kilombero, kama sisi tulivyo na deni kwa wenzetu wa Amman na Manila.

KARATASI PEKE YAKE HAITOSHI

Hata hivyo, mwandishi anayesimulia ushindi peke yake huwadanganya wasomaji wake. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zote zilitakiwa kuitumia orodha hiyo. Watafiti wakachunguza hospitali 101, na mwaka 2014 wakatangaza kwamba hawakuona upungufu wa maana wa vifo. Ikumbukwe kwamba Toronto, uliokuwa miongoni mwa miji minane ya kwanza, uko katika jimbo hilo hilo!

Wataalamu wamebishana sana juu ya jambo hilo. Wengi wameona kwamba tofauti iko katika namna orodha inavyotumiwa. Kutia alama ya vema katika visanduku 19 ni kazi ya kalamu, na mtu aweza kuimaliza akiwa peke yake baada ya mgonjwa kuondoka. Kusimama, kunyamaza, kutazamana na kuulizana ni kazi ya watu. Mahali ambapo mkubwa huikunjia uso orodha, wadogo hujaza karatasi ili kumridhisha, na mambo huendelea kama zamani.

Hapo ndipo penye kiini cha habari hii. Orodha ile, ukiitazama vizuri, ni ruhusa. Inampa msichana muuguzi aliyemaliza chuo jana ruhusa ya kumsimamisha daktari bingwa, tena bila kuonekana mjeuri, kwa sababu si yeye anayeuliza. Ni utaratibu unaouliza. Kutaja majina mwanzoni kuna maana hiyo hiyo. Mtu aliyekwisha sema jina lake na kusikilizwa hufungua kinywa kwa wepesi zaidi aonapo hatari.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee. Tumelelewa katika heshima, na heshima ni mali yetu. Mdogo hamkatizi mkubwa, na asiyesoma hamsahihishi msomi. Lakini heshima inayomfanya mtu anyamaze huku akiona jicho zima linapelekwa kisuni imegeuka kuwa kitu kingine. Wazee wetu waliosema kuuliza si ujinga hawakusema swali lichague wa kuulizwa.

Vile vile, viongozi wa hospitali wana sehemu yao. Mfanyakazi akikiri kosa, au akieleza kosa lililokaribia kutokea, kisha akalipwa kwa matusi na barua ya onyo, kesho wenzake wote wataficha. Kosa lililofichwa halifundishi mtu. Hungoja mgonjwa mwingine. Yule daktari aliyemshukuru muuguzi mbele yetu alifanya tendo la usalama lenye thamani sawa na kunoa kisu chake.

WAJIBU WETU NYUMBANI

Mwezi Mei mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua kwamba tarehe 17 Septemba ya kila mwaka iwe Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani, na mwaka 2021 ukapitisha mpango wa utekelezaji unaofikia mwaka 2030. Mwaka 2023 siku hiyo ilihusu kumshirikisha mgonjwa mwenyewe na jamaa zake. Kwa hiyo, ndugu msomaji, zamu sasa ni yetu. Yafuatayo yafaa yajulikane katika kila nyumba.

Kwanza, mgonjwa ataje jina lake lote kila anapoulizwa, bila kuchoka. Asiitike tu "ndiyo" anaposikia jina likiitwa. Katika wodi moja wanaweza kuwemo akina Asha Juma watatu.

Pili, amweleze daktari dawa zote anazotumia, pamoja na zile za miti shamba, na dawa yoyote iliyopata kumdhuru. Hapana haja ya kuona haya. Daktari asiyejua ulichokunywa hawezi kukukinga.

Tatu, kila dawa inapotolewa, aulize: hii ni dawa gani, ni ya nini, ninywe mara ngapi, na kwa siku ngapi? Jamaa anayejua kusoma aandike majibu.

Nne, kama ni upasuaji wa kiungo chenye pacha, yaani jicho, sikio, mkono, mguu au figo, aombe upande unaohusika utiwe alama akiwa macho. Na karatasi ya kuridhia isomwe hadi mwisho kabla ya dole gumba kuwekwa.

Tano, sisi jamaa tunawe mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, tusimpe dawa za mgonjwa wa kitanda cha pili, wala tusiguse mpira wa maji ya mshipani kwa kudhani tunamsaidia muuguzi.

Sita, kabla ya kuondoka hospitalini tuulize ni dalili zipi za hatari zitakazotulazimu kurudi upesi, na siku ya kurudi ni ipi.

Hayo yote yaweza kusemwa kwa adabu. "Samahani, daktari, naomba unifafanulie" ni maneno manne, na hayajapata kumvunjia mtu heshima. Daktari mwenye hekima huyapokea kwa shukrani. Asiye na hekima ndiye hasa anayehitaji kuyasikia.

Shangazi sasa anaona kwa macho yote mawili. Mwezi uliopita aliniletea mkeka wa rangi tatu, akanipa na maagizo: nisiulalie, niupeleke hospitali kwa yule binti aliyemwuliza jina. "Anaitwa nani?" akaniuliza. Nilibaki nimeinamisha kichwa. Msichana yule alituuliza sisi majina yetu, nasi hatukumwuliza lake. Kesho ninakwenda kuuliza.